Mashine Ikikataa Diski: Uchunguzi Kwanza, Hukumu Baadaye

Kuna hitilafu moja ya kompyuta mpakato ambayo, ingawa yaonekana ndogo, yastahili kuzingatiwa na kila mwalimu na kila mwanafunzi wa sayansi. Diski iliyotoka kiwandani, kwa mfano diski ya kamusi au ya ramani, ikitiwa katika mashine husomeka mara moja. Lakini diski iliyochomwa, yaani ile iliyonunuliwa tupu dukani kisha ikaandikwa kwa kompyuta, ikitiwa katika mashine ile ile huzunguka, hunyamaza, huzunguka tena, na mwishowe kioo cha kompyuta hutoa taarifa kwamba hakuna diski iliyotiwa.

Mbele ya jambo hili watu wengi hutoa hukumu papo hapo. Mmoja husema diski imekufa, akaitupa. Mwingine husema mashine imekufa, akaagiza nyingine. Wa tatu hufuta programu zote za kompyuta na kuzipanga upya, kazi ya kutwa nzima, kumbe lenzi ilikuwa imeshika vumbi. Hao wote wametenda kosa la namna moja: wametoa hukumu kabla ya kusikiliza ushahidi.

Hasara ya kosa hilo si ndogo. Diski tupu ni kitu cha bei nafuu, na kiendeshi, yaani kile kisanduku chembamba kinachopokea diski ubavuni mwa kompyuta, chaweza kupatikana kingine. Lakini kilichoandikwa juu ya diski hakiuzwi dukani. Katika makabati ya shule zimo diski zilizochomwa miaka 15 au 20 iliyopita, nazo zimebeba mitihani ya majaribio, picha za mazoezi ya maabara, taarifa za mitaala na sauti za wazee waliohojiwa na wanafunzi wa historia. Baadhi ya wazee hao hawapo tena. Diski ya namna hiyo ikitupwa kwa kukisia tu, hakuna fedha itakayoirudisha.

Hoja ya makala haya ni kwamba hitilafu hii yapasa kushughulikiwa kama swali la sayansi, wala si kama bahati mbaya. Na kwamba shule zina wajibu wa kufanya hivyo sasa, maana muda wa kuziokoa diski hizo unazidi kupungua.

Diski mbili zisizofanana

Yafaa kwanza ieleweke kwa nini mashine moja iweze kuisoma diski ya kiwandani na kuikataa iliyochomwa, ilhali zote mbili huonekana sawa kwa macho. Kila moja ni bamba la plastiki ya polikaboneti lenye kipenyo cha milimita 120 na unene wa milimita 1.2. CD ilibuniwa na kampuni za Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani, na ikaanza kuuzwa Japani mwaka 1982.

Katika diski ya kiwandani habari huandikwa kwa umbo. Plastiki hugandamizwa katika kalibu, na kalibu huacha vishimo vidogo mno vilivyopangwa katika mstari mmoja unaoanzia ndani na kuzunguka kuelekea nje, mfano wa ukili unaozungushwa na mshona vikapu. Mzunguko mmoja wa mstari huo hutenganishwa na jirani yake kwa maikromita 1.6 tu. Kwa kuwa diski ya dakika 74 husomwa kwa mwendo wa meta 1.2 hivi kwa sekunde, mwanafunzi aweza kukokotoa urefu wa mstari mwenyewe: 74 × 60 × 1.2, yaani meta 5,328. Zaidi ya kilometa 5 za maandishi zimekunjwa katika kitu kinachoenea kiganjani.

Juu ya vishimo hivyo hutandazwa utando mwembamba wa aluminiamu ili kuakisi mwanga. Leza inayosoma CD ina wimbi lenye urefu wa nanomita 780. Ndani ya plastiki, ambayo hupunguza mwendo wa mwanga kwa kadiri ya 1.55, wimbi hilo hufupika na kuwa nanomita 503 hivi. Tofauti ya kimo kati ya kishimo na sehemu tambarare hukaribia robo ya urefu huo. Mwanga huipita tofauti hiyo mara mbili, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Kwa hiyo mawimbi yanayotoka pande hizo mbili huachana kwa karibu nusu ya wimbi, na yakikutana hudhoofishana. Jicho la mashine huona giza pale palipo na kishimo na mwangaza pale palipo tambarare. Hili ni somo la mwingiliano wa mawimbi, lile lile linalofundishwa katika fizikia ya sekondari.

Diski ya kuchomwa, ijulikanayo kama CD-R, ilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1980, na kampuni ya Taiyo Yuden ya Japani ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Diski hii haina vishimo. Badala yake ina tabaka la rangi ya kikaboni iliyopakwa juu ya mfereji mwembamba, na juu ya rangi hiyo pana utando wa fedha au dhahabu. Wakati wa kuandika, leza huongezewa nguvu mara nyingi kupita ile ya kusoma, ikaiunguza rangi mahali hapa na kuiacha mahali pale. Pale palipoungua huakisi mwanga kidogo; pale palipoachwa huakisi mwingi. Ndiyo sababu watu husema ‘kuchoma’ diski, na neno hilo ni la kweli kuliko wengi wanavyodhani.

Basi diski ya kiwandani ni maandishi yaliyochongwa, na diski ya kuchomwa ni maandishi ya wino. Jiwe lililochongwa huweza kusomwa hata na mwenye macho dhaifu. Wino uliofifia humtaka mwenye macho makali na taa nzuri. Kwa mujibu wa viwango, CD ya kiwandani hutakiwa kuakisi walau asilimia 70 ya mwanga, na CD-R walau asilimia 65. Ile ya kufutwa na kuandikwa tena, CD-RW, ambayo hutumia aloi ya madini badala ya rangi, huakisi asilimia 15 hadi 25 tu. Mashine inayoanza kudhoofika, kwa hiyo, huelekea kushindwa kwanza na CD-RW, halafu na CD-R, na mwisho kabisa na diski za kiwandani. Mpangilio huo wa kushindwa ni ushahidi, na mwenye busara huusoma kabla ya kushika bisibisi.

Leza mbili katika kichwa kimoja

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Kiendeshi kinachosoma CD na DVD hakina leza moja bali mbili. DVD, iliyokuja katikati ya miaka ya 1990, husomwa kwa mwanga mwekundu wenye wimbi la nanomita 650, kwa kuwa mistari yake imebanana zaidi, umbali wa maikromita 0.74. CD za kiwandani zingeweza kusomwa kwa mwanga huo mwekundu pia, maana aluminiamu huakisi mwanga wa kila namna. Lakini rangi ya CD-R ilitengenezwa kwa ajili ya nanomita 780. Ikimulikwa kwa nanomita 650 huakisi mwanga mchache mno. Ndipo mashine za DVD za mwanzo zilipokuwa zikizikataa CD-R kabisa, ingawa CD za kiwandani zilisomeka, na watengenezaji wakalazimika kuongeza leza ya pili, ya infraredi.

Maana ya jambo hili kwa mchunguzi ni kubwa. Leza moja yaweza kuchakaa na nyingine ikabaki nzima. Mtu aweza kutazama filamu ya DVD katika kompyuta yake usiku kucha, akaamini kiendeshi ni kizima, kumbe leza ya CD imekwisha kudhoofika. Kusema ‘mashine inasoma’ au ‘mashine haisomi’ ni kauli isiyotosha. Lazima iulizwe: inasoma nini, na haisomi nini?

Jaribio la diski nne

Hapo ndipo uchunguzi unapoanzia. Kwanza itazamwe kama kompyuta inakitambua kiendeshi chenyewe katika orodha ya vifaa vyake. Kama kiendeshi hakionekani kabisa, hitilafu iko katika waya, umeme au programu endeshi, wala hakuna haja ya kuilaumu diski. Pili, zisomwe alama zilizochapwa usoni mwa kiendeshi. Kiendeshi chenye alama ya CD peke yake hakiwezi kusoma DVD hata kikiwa kipya. Huo si ugonjwa, ndivyo kilivyoundwa.

Baada ya hapo zikusanywe diski nne: CD ya kiwandani, DVD ya kiwandani, CD iliyochomwa na DVD iliyochomwa. Hizo mbili za kuchomwa sharti ziwe zimesomeka siku hiyo hiyo katika mashine nyingine. Sharti hili lisipotimizwa jaribio lote ni bure, kwa kuwa haitajulikana kama linapimwa kosa la mashine au la diski. Kila diski itiwe kwa zamu na matokeo yaandikwe katika daftari.

Matokeo hayo yatasema mengi. CD zote mbili zikikataa na DVD zote mbili zikasomeka, shaka iangukie leza ya infraredi. DVD zikikataa na CD zikasomeka, shaka iangukie leza nyekundu. Diski za kiwandani zikisomeka na zilizochomwa zote zikakataa, mwanga unaofika au unaorudi ni hafifu: ama lenzi ina vumbi, ama leza zinachakaa. Zote nne zikisomeka, na ile iliyoleta malalamiko peke yake ikakataa, basi kiendeshi hakina hatia; diski yenyewe ndiyo ya kuchunguzwa. Zote nne zikikataa, kosa ni la mitambo, la lenzi au la umeme. Kazi hii haichukui hata saa moja, nayo huondoa nusu ya dhana za kubahatisha.

Jambo moja kwa wakati mmoja

Dhana ikishapatikana, ijaribiwe kwa kubadili jambo moja tu kila mara. Anayesafisha lenzi, akabadili programu na kuisugua diski kwa mkupuo mmoja, hata akifaulu hatajua nini kilichomfaulisha, na siku ya pili hatakuwa na la kufundisha wenzake.

Lililo rahisi lianze. Katika kompyuta mpakato diski hubanwa juu ya kitovu kwa vijipira vidogo vya chuma, na lazima igandamizwe karibu na tundu la kati mpaka isikike ‘ta’. Isipokaa sawasawa huyumba, na kwa kuwa kiendeshi cha mwendo wa 24× chaweza kuizungusha karibu mara 5,000 kwa dakika, kuyumba kidogo tu kwatosha kuipoteza nukta ya mwanga. Karatasi iliyobandikwa juu ya diski kama lebo huleta madhara hayo hayo.

Lifuatalo ni usafi. Katika kompyuta ya mezani lenzi hujificha ndani ya sanduku. Katika nyingi za mpakato hutoka nje pamoja na trei kila inapofunguliwa, ikapokea vumbi na alama za vidole. Athari yake huzidi ile inayofikiriwa, kwa sababu mwanga huipita lenzi mara mbili. Ichukuliwe, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba lenzi chafu hupitisha asilimia 80 ya mwanga. Kitakachorudi ni 0.8 × 0.8, yaani asilimia 64 ya kile ambacho kingerudi. Diski ya kiwandani yaweza kuustahimili upungufu huo; CD-RW, iliyokuwa na asilimia 20 tu tangu mwanzo, hubaki na 12.8. Lenzi ipulizwe kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo wenye mate. Na ikihitajika ipanguswe polepole kwa pamba yenye unyevu mdogo wa alkoholi ya aisopropili, kompyuta ikiwa imezimwa.

Diski nayo isafishwe kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Sababu yake si desturi tu. Habari za diski hulindwa kwa hesabu za kusahihisha makosa zilizotokana na kazi ya wanahisabati Irving Reed na Gustave Solomon, iliyochapishwa mwaka 1960. Kwa hesabu hizo CD huweza kufidia kabisa pengo la karibu milimita 2.5 katika mstari wake. Mkwaruzo unaokata mstari huharibu kipande kifupi, nao hufidiwa. Mkwaruzo unaofuata mstari huharibu kipande kirefu, nao hushinda hesabu. Afutaye kwa kuzungusha mkono huhatarisha kutengeneza huo wa pili.

Pengine kosa si la mwanga bali la maandishi yenyewe. Diski iliyochomwa bila kufungwa mwishoni haina orodha kamili ya yaliyomo mahali ambapo mashine nyingine huitafuta. Mashine inayoweza kuchoma huenda ikaisoma. Ya kusoma tu huiona tupu. Vilevile kuna mipango mbalimbali ya kupanga mafaili, na kompyuta ya zamani huenda isiuelewe mpango wa miaka ya baadaye. Dalili ya kosa la namna hii ni kwamba kompyuta huitambua diski, hata pengine hutaja nafasi iliyotumika, lakini haionyeshi faili lolote. Tiba ni kuirudisha diski katika mashine iliyoichoma, kama bado ipo, na kuifunga au kuinakili huko. Ili kujua kama kosa ni la programu za kompyuta, iwashwe kwa mfumo wa Linux uliomo katika fleshi. Diski ikisomeka hapo, kiendeshi ni kizima na programu ndizo za kurekebishwa.

Kwa viendeshi vya nje vinavyounganishwa kwa waya wa USB, umeme uangaliwe. Tundu la USB la toleo la pili hutoa miliampea 500 tu, na diski inapoanza kuzunguka huenda kiasi hicho kisitoshe. Waya mfupi, au tundu la toleo la tatu litoalo miliampea 900, huenda likamaliza shida ambayo mwenyewe aliiita kifo cha leza.

Yasiyofaa kufanywa

Baadhi ya mafundi hufungua kiendeshi na kugeuza skrubu ndogo inayodhibiti nguvu ya leza. Diski hupata kusomeka kwa muda, kisha leza huungua kabla ya wakati wake. Hiyo si tiba bali ni mkopo wenye riba kubwa. Tena mwanga wa infraredi wa leza hauonekani sawasawa kwa jicho nao waweza kulidhuru. Mwanafunzi asiruhusiwe kuendesha kiendeshi kilichofunguliwa. Petroli na asetoni zisiguse diski, maana huiharibu plastiki. Wala diski inayosomeka kwa shida isirudishwe mara mia katika mashine ile ile kwa matumaini. Ijaribiwe katika kiendeshi kingine, kwa kuwa viendeshi hutofautiana uwezo, na kilichoshindwa hapa huenda kikafaulu pale.

Joto, mwanga na unyevu

Rangi ya CD-R haipendi jua. Mwanga mkali na joto huibadilisha polepole, na tofauti kati ya palipoungua na palipoachwa hupungua. Unyevu nao hushambulia utando wa fedha. Mahali kama Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, ambako joto na unyevu hukaa pamoja sehemu kubwa ya mwaka, diski iliyoachwa dirishani haiwezi kutarajiwa kuishi kama iliyowekwa kabatini. Hata kiendeshi huathirika: kompyuta ikitolewa katika chumba chenye kiyoyozi na kupelekwa nje palipo na mvuke, umande huweza kuganda juu ya lenzi. Dawa yake ni subira. Iachwe saa moja au zaidi ipate joto la mahali pale.

Taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, ilitoa mwaka 2003 mwongozo wa utunzaji wa CD na DVD. Mwongozo huo hushauri diski zisimamishwe wima katika vifuko vyake, mahali pa baridi, pakavu na penye giza, zisibandikwe karatasi, na zikiandikwa juu, itumike kalamu laini ya wino wa maji. Ushauri huu wa mwisho una sababu. Katika CD, tabaka la habari haliko upande unaong'aa bali chini kidogo tu ya upande wa lebo, likilindwa na utando mwembamba wa vanishi. Wengi hulinda upande wa chini kwa uangalifu, kisha huweka diski kifudifudi mezani na kuandika juu yake kwa kalamu yenye ncha kali.

Wakati hausubiri

Zile hesabu za Reed na Solomon, ambazo ni neema, zina upande wa pili. Maadamu makosa ni machache, hufidiwa yote, na mtumiaji haoni dalili yoyote. Makosa huongezeka mwaka hadi mwaka kimya kimya, mpaka yapite uwezo wa hesabu. Siku hiyo diski iliyosomeka jana hukataa leo. Mtu husema imekufa ghafula, kumbe imekuwa ikiugua kwa miaka. Hivyo kusomeka kwa diski leo si dhamana ya kesho.

Mashine nazo zinaondoka. Mwaka 2008 kampuni ya Apple ilitoa kompyuta ya MacBook Air isiyokuwa na kiendeshi cha diski, na kompyuta mpakato nyingi zinazouzwa siku hizi hazina. Taiyo Yuden, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa CD-R, waliacha biashara ya diski za kuchomwa mwaka 2015. Sony ilikomesha utengenezaji wa Blu-ray za kuchomwa mwaka 2025. Diski zinafifia, na wenye uwezo wa kuzisoma wanapungua. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Wako watakaouliza: kuna faida gani kuwafundisha vijana ufundi wa kifaa kinachotoweka? Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Ni kweli kwamba hakuna sababu ya kuchoma diski mpya kwa ajili ya hifadhi, na shule iliyo na fleshi na diski kuu za nje haina haja ya kurudi nyuma. Lakini jibu lina sehemu mbili. Kwanza, kifaa kinapotoweka ndipo habari zilizomo zinapohitaji kuokolewa. Hakuna ajengaye daraja baada ya mto kuwachukua watu. Pili, kinachofundishwa hapa si kiendeshi. Ni desturi ya kutofautisha, ya kuweka kipimo cha kulinganisha, ya kubadili jambo moja kwa wakati mmoja na ya kuandika matokeo. Desturi hiyo humfaa daktari mbele ya mgonjwa, mkulima mbele ya shamba lililonyauka, na fundi mbele ya pampu iliyogoma. Mwanafunzi aliyeipata kwa diski nne na daftari moja hataipoteza kompyuta zitakapobadilika.

Wajibu wa shule

Yapasa, basi, kila shule yenye diski za zamani ifanye mambo matatu. La kwanza ni kuziorodhesha: ni zipi, zilichomwa lini, zina nini. La pili ni kuziokoa kabla ya kushughulikia ukarabati wowote. Zilizo za pekee, yaani zisizo na nakala mahali pengine, zitangulie. Zinakiliwe kwa kiendeshi kizuri kuliko vyote vilivyopo, na kwa zile ngumu itumike programu kama ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka vizuri na kurudia zenye kasoro baadaye. Nakala ziwekwe mahali zaidi ya pamoja, na zifunguliwe kuhakikisha kwamba zinasomeka. Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu.

La tatu ni kuyafanya hayo yote kuwa kazi ya wanafunzi chini ya uangalizi wa mwalimu. Mwalimu wa fizikia ana somo la mawimbi, la kemia ana somo la rangi na mwanga, la hisabati ana mstari wa kilometa 5 na hesabu za kusahihisha makosa, na la historia ana sauti za wazee zinazongoja kusikika. Kiendeshi kilichokataa diski kimewaweka wote katika chumba kimoja. Ikiwa baada ya majaribio yote diski fulani itathibitika kuwa imekufa kweli, itupwe bila majuto, kwa kuwa hukumu hiyo imetolewa kwa ushahidi. Lakini isitupwe hata moja kabla ya hapo.